Mwalimu La Tatu na Daftari Kumi na Nne

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za vyombo huko jikoni. Wewe uliye njiani, endelea na safari, ila tega sikio. Leo kiti cha mgeni hapa studio hakina mtu, kwa sababu tunayemkumbuka ametutoka. Alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na miwili. Alikuwa mwalimu wa lugha. Alifundisha lugha miaka thelathini na mmoja, katika shule moja, na karibu miaka yote hiyo katika chumba kimoja.

Waliopita mikononi mwake hawakumwita kwa jina. Walimwita Mwalimu La Tatu. Nami nilikuwa mmoja wao, darasa la tano, dawati la pili kutoka mlangoni. Kwa hiyo leo simzungumzii mtu niliyesimuliwa. Namzungumzia mwalimu wangu.

Mkuu wetu wa vipindi ameniita asubuhi hii akaniambia, "Dada, kipindi cha kumbukumbu ni cha kufariji watu. Usije ukatuletea ugomvi hewani." Nimemwitikia vizuri, maana ni mkubwa wangu. Lakini wasikilizaji wapendwa, mwalimu huyu alitendwa. Alitendwa na mtu aliyekuwa akimwita dada. Alitendwa na mtu wa pili pia, na huyo nitamtaja kabla kipindi hakijaisha. Kuna neno lililotakiwa kusemwa miaka kumi na mmoja iliyopita, likamezwa. Leo litasemwa.

Tuanze darasani. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kwenye safu, karibu na bomba la maji. Kilikuwa na madirisha matatu, moja halifungi. Ukuta uliotutenga na darasa la jirani ulikuwa wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimeachana. Mtu akipiga chafya kule, sisi huku tunamwambia afya.

Kila Ijumaa, kipindi cha kwanza, mwalimu aliingia na mfuko wa kitambaa. Ndani ya mfuko kulikuwa na kitu kimoja. Siku moja soli ya kiatu. Siku nyingine ufunguo ambao kufuli lake lilishapotea. Alikitoa, akakiweka mezani, akauliza, "Hiki ni nini?"

Ijumaa ninayoikumbuka mimi, kilikuwa mfuniko wa sufuria. Mfuniko wa bati, umebonyea upande mmoja, kishikio chake kimefungwa kwa waya.

"Mfuniko wa sufuria," tukajibu darasa zima.

"Hilo ni jibu la kila mtu," akasema. "Hata paka wa jikoni analijua. Nipeni la pili."

Mmoja akasema ni usukani wa gari. Mwingine akasema ni ngao. Mwingine akasema ni kofia ya mtu mwenye kichwa bapa, akamtazama mwenzake, tukacheka.

"Hayo ni majibu ya jirani," mwalimu akasema. "Umeyaona mahali, umeyaazima. Si mabaya. Lakini mimi nataka la tatu. La tatu haliazimwi. La tatu ulitoe mwenyewe."

Basi ikawa kimya. Tulikuwa watoto arobaini na sita, na hakuna aliyekohoa. Mwalimu hakutusaidia. Alikaa juu ya meza yake, akatazama nje kupitia dirisha lile lisilofungika, akangoja. Walimu wengi wakisikia darasa limenyamaza wanaona wameshindwa, wanajibu wenyewe wayamalize. Yeye alikuwa akisema kimya ndiyo chaki yake.

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikuwa mtu wa kunyoosha mkono. Nikasema, "Ni kitu kinachojua kilichomo ndani ya sufuria, lakini hakisemi."

Hakunisifu. Alishuka mezani, akachukua daftari lake, akaniambia, "Rudia polepole niandike." Nikarudia. Akaandika neno kwa neno. Kisha akaligeukia darasa, akauliza, "Kwa nini hakisemi?" Kipindi chote kilichobaki tuliandika insha ya swali hilo. Yupo aliyeandika kwamba mfuniko unaogopa moto. Yupo aliyeandika kwamba mfuniko umeahidiwa ukoko.

Naibu mwalimu mkuu alikuwa anapita nje, akasimama dirishani. Akasema, "Mwalimu, si ni ile ile ya siri ya mtungi aijuaye kata?" Mwalimu wetu akamjibu, "Kata huingia, mwalimu, ikatoka na maji. Mfuniko unakaa juu tu, unapigwa na mvuke, na chakula haupati." Naibu mkuu akacheka, akaenda zake. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado najishangaa.

Wasikilizaji wapendwa, mambo hayo ya la tatu aliyatoa wapi? Nilimuuliza mdogo wake, ambaye ni fundi bomba. Tuliongea nyumbani kwa marehemu, yeye akiwa amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, mikono kwenye magoti. Akaniambia hivi:

"Alitoa kwa mama yetu. Dada alikuwa na miaka saba, akavunja bakuli. Mama akamuuliza limevunjikaje. Dada akasema limeanguka. Mama akasema, hilo la kwanza, endelea. Dada akasema huyu mdogo wangu ndiye kalisukuma. Yaani mimi, na mimi nilikuwa bado natambaa. Mama akasema, hilo la pili, endelea. Dada akalia, akasema nilikuwa nimekasirika kwa sababu umempakulia mdogo wangu kwanza. Mama akamwambia, sasa tumefika, njoo tuokote vipande."

Fundi bomba akaongeza, "Toka siku hiyo dada hakuwahi kuridhika na jibu la kwanza la mtu yeyote. Ukimwambia hujambo anakutazama."

Hata kuolewa kwake kulipita njia hiyo. Mumewe alikuwa fundi saa, ametangulia mbele ya haki miaka mitano sasa. Siku alipomposa, yeye alimuuliza, "Kwa nini mimi?" Fundi saa akasema kwa sababu wewe ni mzuri. Akaambiwa, hilo la kila mtu. Akasema kwa sababu una tabia njema. Akaambiwa, hilo umeliazima kwa mjomba wako. Yule bwana akakaa akifikiri mpaka chai ikapoa. Akasema, "Kwa sababu nikiwa na wewe ndiyo saa pekee sitazami saa." Akakubaliwa hapo hapo. Binti yao ndiye anayeisimulia hadithi hii. Ni mtoto wao wa pekee, ni muuguzi, na anasema baba yake aliirudia kila walipopata mgeni, mama yake akimwambia, "Sasa limekuwa la kwanza, tafuta jingine."

Sasa msidhani kazi yake ilipokelewa kwa vigelegele. Wazazi walilalamika. Mama mmoja alikuja shuleni amejifunga kibwebwe. Akasema, "Mwalimu, nimemuuliza mwanangu kwa nini hajaosha vyombo, ananiambia nisubiri, anatafuta jibu la tatu." Mwalimu mkuu naye alimwita ofisini, akamwonyesha karatasi ya mtihani. "Mwalimu, mtihani una A, B, C na D," akamwambia. "Hauna la tatu." Naye akajibu, "Kwani C ni ya ngapi?" Mwalimu mkuu akamfukuza ofisini huku anacheka, na Ijumaa mfuko wa kitambaa ukaingia tena darasani.

Methali alizifundisha hivyo hivyo. Wengine walitufundisha methali na maana yake, ukariri, umalize. Yeye aliuliza, "Methali hii ikisemwa chumbani, nani ataumia?" Ukimjibu nani ataumia, anakuambia sasa andika ukiwa wewe ndiye uliyeumia. Kesho yake andika ukiwa wewe ndiye uliyeisema. Tuliandika tukisahau kwamba tunafundishwa. Na kila jibu la tatu la kila mtoto aliliingiza kwenye daftari, pamoja na tarehe na kitu kilichokuwa mezani. Daftari moja lilipojaa alianza jingine. Mpaka zikawa kumi na nne. Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Daftari zilikuwa kumi na nne.

Upande wa pili wa ule ukuta wa mbao kulikuwa na mwalimu mwingine wa lugha. Sisi tulimwita Rula, kwa sababu alipigia mstari kila kitu, hata jina lake mwenyewe. Rula alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye mwandiko mzuri. Alisikia vicheko vyetu kupitia mbao. Wakati wa mapumziko alikuwa akimuuliza, "Dada, leo umewafanya nini watoto wa watu?" Naye anamweleza yote, hatua kwa hatua, wakinywa chai ya chupa moja katika ofisi ya walimu.

Walikuwa ndugu, hakuna neno jingine. Mke wa Rula alipougua, Mwalimu La Tatu alifundisha madarasa yote mawili muhula mzima. Watoto tisini. Waliondoa mbao nne za ule ukuta ili asimame katikati. Binti yake, huyu muuguzi, alimwita Rula mjomba. Anasema, "Mjomba ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Alishika kiti kwa nyuma, akaniambia hawezi kuniachia."

Halafu siku moja Rula akasema, "Dada, niazime zile daftari. Wiki mbili tu. Na wangu nao wafikiri." Fundi bomba alikuwepo siku mwalimu alipozifunga kwenye mfuko wa kitambaa. Akamuuliza, "Una nakala?" Dada yake akamshangaa. "Nakala ya nini? Si kaka yangu huyo?"

Mwezi uliofuata Rula akahamishiwa ofisi ya mitaala. Zile wiki mbili zikawa miaka mitatu. Kila akiulizwa, alijibu, "Ziko kwenye kasha, dada, sijafungua mizigo." Miaka mitatu hajafungua mizigo. Na mwalimu aliyekataa jibu la kwanza la kila mtu, jibu hili alilikubali. Hapo ndipo alipokosea, wasikilizaji wapendwa. Alimhoji kila mtu isipokuwa aliyempenda.

Miaka kumi na mmoja iliyopita walimu wa lugha waliitwa kwenye semina. Ukumbi mkubwa, viti vya plastiki, kila mwalimu na kitambulisho cha karatasi kifuani. Waliambiwa imekuja njia mpya ya kuwafundisha watoto kufikiri kwa ubunifu katika somo la lugha. Mwalimu La Tatu alifurahi. Alikaa mstari wa nne, kalamu mkononi. Kisha mwandishi wa mwongozo akapanda jukwaani na suti yake. Alikuwa Rula. Alipomwona, alimpungia mkono.

Mwongozo ulikuwa na kila kitu. Kitu kimoja mezani siku ya Ijumaa. Jibu la kila mtu, jibu la jirani, jibu la tatu. Kimya cha mwalimu, ambacho Rula alikipa dakika mbili na nusu. Hata lile swali la methali na nani ataumia. Lakini kuanzia ukurasa wa tisini na nne kulikuwa na orodha, na orodha ilikuwa na kichwa cha habari: Majibu ya Tatu Yanayokubalika. Nasema tena ili msidhani mmesikia vibaya. Majibu ya tatu yanayokubalika. Mtu ameiba kazi ya miaka mingi, na alichoiba hakukielewa. Watoto waliambiwa watoe jibu lao wenyewe, kisha mwalimu alinganishe na orodha aone kama limo.

Walifanya zoezi. Mwezeshaji, kijana mstaarabu tu, akaleta mfuniko wa sufuria. Akamnyooshea kidole mama wa mstari wa nne. Mwalimu La Tatu akasimama. Akasema, "Ni kitu kinachowachelewesha majirani kujua tumepika nini." Yule kijana akateremsha kidole kwenye orodha, akapandisha, akateremsha tena. "Samahani, mama," akasema. "Halimo. Jaribu tena." Ukumbi ukacheka. Rula alikuwa jukwaani, amesikia, akainama kupanga karatasi zake.

Yule binti muuguzi anakumbuka mama yake aliporudi nyumbani. "Alikaa na mkoba wake begani, hajauvua. Nikamuuliza, mama, vipi? Akaniambia, 'Leo nimefeli somo langu.' Nikadhani anatania. Nikacheka. Mpaka leo najuta kile kicheko."

Mwalimu hakutaka makubwa. Binti yake amenisisitizia nilitamke hili wazi. Hakutaka kitabu kichomwe, wala Rula afukuzwe. Alitaka mambo mawili. Orodha iondolewe, na jina lake liandikwe mahali fulani mle ndani, hata chini kabisa kwa herufi ndogo. Akaandika barua. Ikaundwa kamati. Kamati ikamwambia alete zile daftari. Rula akaandika kwamba hazijui. Kamati ikamwambia basi alete shahidi.

Na kwenye ile orodha, ukurasa wa tisini na nne, mstari wa sita, kuliandikwa hivi: "Ni kitu kinachojua kilichomo ndani ya sufuria, lakini hakisemi."

Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Yule wa pili niliyesema nitamtaja, ni mimi.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu hapa redioni. Alikuja Jumatatu, baada ya kipindi changu cha asubuhi. Nilimkuta mapokezi, kwenye benchi, mkoba mapajani. Nilimwamkia, akaniitikia, akafungua mwongozo pale pale penye ukurasa wa tisini na nne. Akaweka kidole kwenye mstari wa sita.

"Hili ni la nani?"

"Ni langu, mwalimu."

"Utakuja kulisema? Useme ulilisema wapi na lini, basi."

"Nitakuja, mwalimu."

"Jumatano, saa nne."

Hakunibembeleza, hakuniuliza mara ya pili. Aliamini nimejibu.

Jumatano saa nne sikwenda. Fundi bomba ndiye aliyemsindikiza, na yaliyotokea alinieleza juzi tu, akinitazama usoni. "Kamati ilitupa nusu saa. Dada alikataa kukaa. Alisimama kwenye korido anatazama mlango. Nikamwambia dada, huyo haji. Akaniambia, 'Ngoja. Wanangu huchelewa kujibu.'"

Nusu saa ikapita. Wakaingia bila shahidi. Baada ya wiki tatu ikaja barua ya mistari minne, inayosema hakuna ushahidi.

Na bado sijamaliza, maana ukiamua kuvua nguo hadharani usibakize soksi. Wiki iliyofuata ile Jumatano, Rula alikuja hapa studio. Alikaa kwenye kiti hiki hiki kilicho kitupu leo, na mimi ndiye niliyemhoji. Nilimuuliza, "Mwalimu, wazo zuri namna hii ulilipata wapi?" Akasema, "Lilinijia tu siku moja nikiwa natembea." Nikacheka naye. Nikawaambia nyinyi, wasikilizaji wapendwa, kwamba tumebahatika kuwa naye. Na nyinyi mlipiga simu kumpongeza. Nisameheni, niliwafanya nanyi mshiriki.

Mwalimu La Tatu alirudi darasani, akafundisha miaka minne zaidi mpaka alipostaafu. Alilazimishwa kutumia mwongozo. Waliosoma kwake miaka hiyo wanasema alikuwa akisoma orodha yote kwa sauti, bila kejeli, mpaka mstari wa mwisho. Kisha anasema, "Hayo yote sasa ni ya kila mtu. Fungeni kitabu." Ndipo anafungua mfuko.

Alizikwa Jumatano ya wiki iliyopita. Rula alikuja. Ana mvi sasa, na anatembelea fimbo, na watu walimpisha apite mbele. Aliomba kusema machache. Alisema, "Dada yangu alikuwa mwalimu mwaminifu. Katika walimu wote, hakuna aliyeutumia mwongozo wangu vizuri kama yeye." Hivyo ndivyo alivyosema, mbele ya jeneza. Fundi bomba aliinama akaniambia sikioni, "Kikulacho ki nguoni mwako." Sikujua anamsema Rula au ananisema mimi. Nilitaka kusimama. Nilikuwa mstari wa tatu, sauti ninayo, ndiyo kazi yangu. Sikusimama.

Watu walipotawanyika nilimfuata binti yake. Nikaanza kusema pole, nikaanza kuomba radhi, maneno yakagongana. Aliniacha nihangaike kidogo. Kisha akasema, "Siku ulipomhoji mjomba, mama alikuwa anasikiliza. Alikuwa anakunja nguo. Mimi nilitaka kuzima redio, akanizuia. Nikamwambia, mama, huyu si ndiye mtoto wako wa mfuniko? Kakusaliti. Akaniambia, 'Mwache. Bado yuko kwenye la kwanza.'"

Akaingia ndani, akarudi na ule mfuniko. Bado umebonyea upande ule ule, waya umeshika kutu. Akanipa. Nikamuuliza kama anataka nimtunzie uwe kumbukumbu. "Hapana," akasema. "Sina mahali pa kuuweka, na wewe ndiye mwenyewe." Hakunisamehe, na sikutegemea. Nilimwomba ruhusa ya kuyasema haya hewani. Akasema, "Ukifika la tatu, sema. Kama hujafika, piga muziki."

Basi mfuniko uko mezani hapa, karibu na kipaza sauti. Na swali ni moja. Kwa nini sikwenda Jumatano ile, saa nne?

Jibu la kwanza: nilikuwa na zamu. Ni kweli, nilikuwa na zamu. Ningeweza kubadilishana na mwenzangu kwa neno moja.

Jibu la pili: niliogopa. Rula alikuwa ameshaalikwa studio, mimi nilikuwa mgeni kazini, na wakubwa walimtaka. Hilo nalo ni kweli. Nimelitumia miaka mingi na watu hunionea huruma nikilisema.

La tatu ni hili. Nilipoona maneno yangu yamechapwa kitabuni, nilifurahi. Nilinunua nakala mbili. Nilimpelekea mama yangu mzazi, nikamfungulia ukurasa wa tisini na nne, nikamwambia, "Mstari wa sita ni wangu." Na nilijua kwamba nikienda kusema yameibwa, orodha itatolewa, na mstari wangu utatoka pamoja nayo. Nilipenda kuibiwa. Kwa hiyo nikamwacha mwalimu wangu amesimama kwenye korido, nikabaki na mstari wa sita.

Mwalimu, uliniambia nirudie polepole uandike. Nimerudia.

Na wewe Mwalimu Rula, kama unasikiliza, ukuta wetu ulikuwa wa mbao. Tulikuwa arobaini na sita upande ule, wengi tungali hai, na mimi leo nimekuwa wa kwanza kusema. Njia ya jibu la tatu ilikuwa ya yule uliyemwita dada. Daftari zilikuwa kumi na nne. Fungua kasha, umrudishie binti yake.

Kwa niaba ya wenzangu wote hapa kituoni, natoa pole kwa binti wa marehemu, ambaye saa hizi yuko zamu wodini. Pole kwa mdogo wake, fundi bomba. Pole kwa walimu wenzake, na kwa wote waliowahi kukaa kimya katika kile chumba cha mwisho, karibu na bomba la maji. Mungu amlaze mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, huenda kuna mtu aliyewahi kukusubiri mahali, ukamwambia unakuja, hukutokea. Kaa chini leo ujiulize kwa nini. Jibu la kwanza litakuja upesi, liache lipite. La pili litakuja limevaa vizuri, nalo liache lipite. Ngoja la tatu, kisha nenda ukamwambie angali hai. Mimi limenichukua miaka kumi na mmoja, na aliyeuliza hayupo.